Ujumbe Ulilala Wapi

Kitu cha kwanza alichokiona Sajini hakikuwa maneno ya ujumbe. Kilikuwa ukingo wa chini wa karatasi. Ulikatwa kwa mkasi.

Karatasi nyingine zote ndani ya jalada zilikuwa na menomeno upande wa chini, kwa sababu mashine ndogo ya kuchapia iliyokuwa pale mezani ilikuwa na kijisu cha meno, na karatasi ilichanwa hapo hapo inapotokea. Hii moja tu ndiyo iliyonyooka.

Akaigeuza. Kwenye ukingo wa juu palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Alidhani damu. Akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa ukucha. Ulinuka nta.

"Umeona mwenyewe, afande," alisema Katibu wa hospitali, mtu mnene aliyevaa kalamu mbili mfukoni. "Jumapili, saa nane mchana. Mama wa watu alikata roho Jumamosi alfajiri. Huyo muuguzi wa zahanati alikuwa anafanya nini siku zote hizo?"

"Hii tarehe imeandikwa kwa kalamu."

"Niliiandika mimi nilipokabidhiwa."

"Ulikabidhiwa mkononi?"

"Mkononi. Ofisini kwangu. Na huyo hapo."

Akamwelekezea kwa kidevu binti aliyekaa mbele ya redio. Opereta hakuinua uso. Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi, viatu vya raba vimebanana chini ya kiti kama vinaogopa kukanyagwa.

"Ndivyo ilivyokuwa, binti?" Sajini aliuliza.

Opereta akafungua mdomo.

"Ndivyo," alijibu Katibu. "Huyo usimtese bure, afande. Ukimuuliza jina lake anaangalia viatu. Tulimpa redio hii kwa sababu haihitaji mdomo, vidole tu." Akacheka peke yake.

Sajini hakucheka. Alikuwa anapekua jalada.

Huko milimani hakukuwa na mtandao wa simu. Zahanati za huko zilitegemea redio za watu waliojifunza mambo ya mawimbi kwa raha zao tu, bila kuajiriwa na mtu. Kila redio ilifungwa kwenye kisanduku cheusi kilichokata ujumbe vipande vipande na kuvirusha hewani. Ujumbe haukwenda moja kwa moja. Ulitoka zahanati hadi kituo cha kilimani, na kutoka kilimani hadi hapa hospitali. Kama njia ya mbele imefunga, kituo kiliulaza ujumbe, saa moja au hata siku tatu, mpaka njia ifunguke. Na kila kituo kiligonga mhuri wake chini ya ujumbe: umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, umepewa stakabadhi namba ngapi. Mihuri hiyo waliiita mkia.

Ujumbe wa muuguzi haukuwa na mkia. Mkasi ulipita hapo.

"Mkia wa huu uko wapi?"

"Ulichafuka wino. Nikaukata jalada lisichafuke."

"Stakabadhi ya mwisho Ijumaa asubuhi ni mia mbili na kumi na moja," Sajini alisema, kidole juu ya karatasi moja. Akafunua nyingine. "Oda ya chanjo, Ijumaa saa kumi jioni, mia mbili na kumi na tatu. Kumi na mbili iko wapi?"

"Mashine hizi, afande! Zinaruka namba kama watoto wanaocheza kamba."

Vidole vya Opereta, vilivyokuwa juu ya vitufe, vikatulia. Sajini aliliona hilo. Akaona pia kwamba sakafu ya chumba cha redio ilikuwa saruji tupu, imepasuka kona hadi kona.

Alipotoka alipitia korido. Hatua kumi kutoka chumba cha redio kulikuwa na mlango wa Katibu. Ulikuwa wazi. Ndani, sakafu iling'aa kwa dawa nyekundu ya kusugulia. Ilikuwa ofisi pekee yenye sakafu ya namna hiyo. Sajini akainama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, akapitisha kidole pale kizingitini, akakinusa.

Nta.

*

Muuguzi alikuwa ameketi kwenye sakafu ya mahabusu, mgongo ukutani, bado amevaa sare yake ya kazi. Hakuna aliyemletea nguo nyingine. Nje ya kituo cha polisi, upande wa pili wa barabara, mume wa marehemu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa hapo tangu Jumatatu. Hakumtukana mtu wala hakurusha jiwe. Alikaa tu akiutazama mlango.

"Nimeshaandikisha mara mbili," Muuguzi alisema. "Mtaniandikisha mpaka niseme uongo ndipo mridhike?"

"Nieleze mara ya tatu, dada. Taratibu."

"Ijumaa alfajiri alianza kutoka damu. Mtoto amekaa vibaya. Kupasua siwezi, damu ya kuongeza sina. Jua lilichelewa kutoka kwenye mawingu, betri ikapata nguvu karibu saa saba. Nikatuma. Dakika kumi na tano hazikuisha, kioo kikaandika hospitali imepokea."

"Kilibaki na maandishi hayo?"

"Kioo chetu kinaonyesha ujumbe wa mwisho tu. Ukija mwingine, wa kwanza unapotea. Nikatuma oda ya chanjo saa kumi, ukapotea."

"Oda ya chanjo ni yako?"

"Yangu. Nilikuwa nangoja gari, nikaona nifanye kazi. Giza lilipoingia betri ikafa, sikuweza kutuma tena." Akajisugua uso. "Afande, wanaume wanne walikuwa wamekwisha beba machela. Wanne, na wa kupokezana wanne. Kwa miguu hadi barabara kuu ni mwendo wa saa tano. Wangefika saa kumi na mbili jioni, wangepata hata lori. Mimi ndiye niliyewaambia washushe. Niliwaambia hospitali imepokea, gari linakuja, msimtikise."

Sajini aliandika.

"Wakashusha," Muuguzi alisema. "Mumewe alinishukuru."

Mkuu wa kituo alimngoja Sajini kwenye kaunta. Kesho saa tatu asubuhi Muuguzi angepandishwa kizimbani kwa uzembe uliosababisha kifo. Hati ilikuwa tayari, imebaki sahihi.

"Namba imeruka na karatasi ina nta," alisema Mkuu. "Ndiyo hayo tu uliyonayo? Wakili wa hospitali atatuchezea kama mpira. Niletee mtu, Sajini. Mtu mwenye mdomo."

*

Pikipiki ilimfikisha nusu ya kilima. Nusu iliyobaki aliimaliza kwa miguu, kofia mkononi.

Mlingoti ulikuwa umefungwa kwenye ukuta wa nyumba ya vyumba viwili, nyaya zake nne zimevutwa na kufungwa kwenye vigingi katikati ya mistari ya maharage. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka sabini, mkavu, mwepesi, na kila mtu huko alimwita Bibi Antena.

"Karibu, mwanangu. Angalia waya usikunyonge. Huyo ni mke mwenzangu."

"Nani?"

"Huo mlingoti. Marehemu mume wangu alitupenda sisi wawili, na nani alipendwa zaidi usiniulize. Yeye akaenda, nikaachiwa mke mwenza. Simlishi, lakini kila siku naamkia kumtazama."

Alicheka. Sajini alipotaja zahanati, kicheko kikakatika. Bibi akakaa kwenye kigoda.

"Nilijua utakuja," alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe vipi?"

"Niliyemuua yule mama ni mimi. Nifunge. Huyo muuguzi mwachieni, ni mtoto mdogo."

Sajini alivuta gunia akakaa. "Anza mwanzo, bibi."

"Jumamosi asubuhi shemeji yangu lori lilimgomea pale chini. Akaja kuazima betri ya redio aliwashie. Kuazima kwenyewe akakaa nayo hadi Jumapili, mtu mzima mwenye mvi! Redio ikazima siku nzima na usiku wake. Ujumbe wa yule mama ukawa umelala humu ndani, mwenyewe niko shambani napalilia."

"Nani amekwambia ulilala hapa?"

"Katibu. Alinitumia ujumbe Jumatatu kuuliza kama nilizima kituo. Nikamjibu ndiyo. Akasema basi ujumbe ulifika kwake nusu, vipande vingine vikabaki kwangu, vikamalizikia Jumapili betri iliporudi."

Sajini alitazama kisanduku cheusi kilichokuwa rafuni, kimefunikwa kitambaa cha kufumwa kama mkate.

"Hiki kikizima kinakumbuka?"

"Ujumbe kinakumbuka. Saa kinasahau. Kikiwaka kinaanza mwaka ambao hata wewe hujazaliwa. Lazima ukisetie saa kwa mkono. Ndiyo maana mimi sikiamini." Akavuta daftari la shule kutoka chini ya mto wa kiti. "Marehemu alinifundisha kila ujumbe unaopita niuandike kwa mkono. Kuingia, kutoka, stakabadhi. Nimeandika miaka kumi na moja, sijaruka hata mmoja."

Daftari lilikuwa na mistari ya penseli. Herufi kubwa, za mtu aliyeandika akiwa ametoa ulimi. Sajini alitafuta Ijumaa.

*Zahanati. Umeingia saa saba kasoro dakika saba. Umelala dakika kumi na mbili. Umetoka saa saba na dakika tano. Hospitali imepokea. 212.*

Chini yake: *Zahanati. Chanjo. Saa kumi. 213.* Chini yake, Jumamosi: *Shemeji kachukua betri.* Na Jumapili jioni: *Shemeji kaleta betri. Hakusema asante.*

"Bibi," alisema Sajini, "hospitali inaweza kutoa stakabadhi kabla vipande vyote havijafika?"

"Haiwezi. Kikikosekana hata kimoja inaomba tena. Inaomba mpaka kinapatikana. Stakabadhi ni ya ujumbe mzima."

"Na kituo chako kinaufuta ujumbe lini?"

"Kikipata stakabadhi. Kabla ya hapo hakiuachii, hata ukipiga..." Bibi akalinyang'anya daftari, akaliweka karibu na macho. "Mia mbili kumi na mbili. Ijumaa."

"Ijumaa. Na chanjo iliyoufuata Ijumaa hiyo hiyo ipo kwenye jalada lao, na mkia wake. Kumi na mbili haiwezi kuwa ya Jumapili, na Jumapili hiyo saa nane mchana betri yako ilikuwa bado kwa shemeji. Jumamosi betri ilipotoka, hapa hapakuwa na ujumbe wa kulala."

Bibi Antena alikaa na daftari mapajani.

"Siku tatu sijala, mwanangu," alisema mwishowe. "Daftari nimelikalia. Nimelikalia kabisa, liko chini ya mto. Lakini Katibu kasoma, mimi ni nani? Akaniambia nimekosea, nikaanza kujitafutia kosa."

"Nitaliazima."

"Si kama shemeji lakini."

"Nitasema asante."

*

Alirudi hospitali saa tisa alasiri. Ilikuwa Jumatano, siku ya kikao cha wakuu wa idara, na sauti zao zilisikika nyuma ya mlango wa Katibu. Sajini aliupita. Akaingia chumba cha redio, akafunga mlango, akakaa kwenye kasha la karatasi ili macho yake yawe chini kuliko ya Opereta.

Aliweka karatasi ya mkasi mezani. Kando yake akaliweka daftari, limefunguliwa.

Opereta alisoma. Mkono ukaenda kwenye kitambaa cha kichwa, ukakivuta chini zaidi.

"Sikuulizi kama ulifika Ijumaa," alisema Sajini. "Hilo ninalijua. Na sikuulizi kama uliusoma. Karatasi ina dawa ya sakafu ya Katibu kwenye ukingo. Mtu aliyekabidhi mkononi hapitishi karatasi chini ya mlango. Nataka kujua kwa nini ilipita chini."

Redio ilinguruma kidogo, ikanyamaza. Sajini alingoja. Nje ya dirisha dereva wa gari la wagonjwa alikuwa ameegemea boneti, anakata kucha.

"Kulikuwa na wageni," alisema Opereta. Sauti yake ilikuwa ndogo, Sajini akalazimika kusogea. "Wa kutoka makao makuu. Mlango umefungwa. Nilisimama."

"Ulibisha?"

Opereta akatikisa kichwa.

"Ulisimama muda gani?"

"Sijui. Miguu iliuma. Ndani walikuwa wanacheka. Nilisema wakimaliza kucheka nitabisha. Wakimaliza, wanaanza tena."

"Kisha?"

"Katibu akafungua kuagiza chai. Akaniona. Nikainua karatasi. Akanifanyia hivi." Alinyoosha mkono, kiganja chini, akakisukuma chini kama anayemkalisha mbwa. "Akafunga. Nikaipitisha chini ya mlango. Nilisikia mtu ameikanyaga. Nikasema basi, wameiona."

"Hukurudi?"

"Nilirudi saa kumi na moja. Mlango umefungwa kwa ufunguo. Walikuwa wameshaondoka." Alilikunja pindo la sketi, akalikunjua. "Jumapili aliniita. Karatasi ilikuwa chini ya kiti cha mgeni, ina alama ya kiatu. Akaipangusa. Akachukua mkasi. Akasema, umeniletea leo, umesikia? Sikujibu. Akasema vizuri."

"Gari lilikuwa wapi Ijumaa saa saba?"

Opereta alitazama dirishani.

"Lilikuwepo. Lilikuwa linaoshwa. Wageni walitaka kupiga nalo picha."

Sajini aliacha kuandika. Alisoma alichoandika tangu mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya chini, akaigeuza karatasi, akaweka kalamu juu yake.

"Utasaini?"

"Nitasaini. Lakini kusema mbele yake siwezi."

"Mahakamani atakuwepo. Amekaa na wakili wake, anakutazama. Wakili atakuuliza ulifika siku gani, nawe utatazama viatu. Ukitazama viatu, saini hii ni bure, na muuguzi atafungwa. Mumewe yule mama yuko pale nje ya polisi juu ya ndoo, anamngojea yeye. Hangojei mwingine, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna mwingine."

"Mimi pia nitafungwa?"

"Sijui," alisema Sajini. "Siwezi kukudanganya."

Taa ndogo ya kijani kwenye kisanduku iliwaka na kuzimika, ujumbe wa mtu mwingine ukiingia kipande kwa kipande. Kisanduku kikaujibu chenyewe, bila kumngoja mtu: umepokelewa.

Opereta alisimama. Akachukua ile karatasi iliyokatwa mkasi, akatoka. Sajini akamfuata nyuma, hatua mbili. Korido ilikuwa na hatua kumi. Binti alizitembea zote akipapasa ukuta. Mbele ya mlango akasimama, na ndani mtu alisema jambo, wakacheka.

Sajini hakumgusa wala hakumsemesha.

Mlango ulibishwa. Mara moja, hafifu. Kisha mara tatu, kwa ngumi.

"Nani huyo?" Katibu alifungua. Nyuma yake watu watano walikuwa wamezunguka meza, vikombe mkononi, dirisha wazi kwa joto. Alimwona Opereta, akamwona Sajini, na mkono wake ukaanza kuinuka, kiganja chini. "Baadaye. Tuko kwenye..."

"Kuna mama anatoka damu."

Mkono ulibaki hewani.

Sauti ilikuwa nene, ya mtu mzima, na ilikwaruza kama bawaba isiyofunguliwa miaka. Mtu mmoja akaweka kikombe chini.

"Kuna mama anatoka damu zahanati ya juu," alisema Opereta. Alikuwa anasoma karatasini, kisha hakusoma tena. "Ametoka damu tangu alfajiri. Mtoto amekaa vibaya. Gari liende sasa hivi."

"Huyu amechanganyikiwa," Katibu aliwaambia wa mezani. "Binti, ondoka hapo."

Nje, dereva alikwisha simama. Alikuwa amesikia kupitia dirishani, na mkono wake ulikuwa mfukoni unapapasa funguo. Alikuja hadi kwenye dirisha, akaingiza kichwa.

"Zahanati ipi, dada? Ile ya juu? Naondoka, nipe tu jina la mgonjwa."

Dereva alitazama uso mmoja baada ya mwingine, funguo mkononi. Opereta alimtazama yeye. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, wala hakuangalia viatu.

"Ijumaa, kaka," alimwambia. "Ulifika Ijumaa, saa saba mchana. Nilitakiwa kukuambia Ijumaa."